Hatua Sabini kwa Sabini

Miche tisa ya mikorosho ndiyo iliyomletea Mzee Ismaili Likwata maneno. Fundi Leonadi aliileta asubuhi kwenye toroli, akaishusha mmoja mmoja barazani, kila mche na kifuko chake cheusi cha udongo, kisha akasimama kando akipangusa mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Unahama?"

"Sihami, mzee. Hii imebaki. Bwana shamba alinipa miche ishirini na mitano, akasema eka moja inaimeza yote, mita kumi na mbili kwa kumi na mbili. Nimepanda kumi na sita, shamba likaisha."

"Likaisha vipi?"

"Likaisha tu, mzee. Nikajikuta niko mpakani."

Mzee Ismaili alimtazama, akaitazama miche, akamtazama tena. Mwaka uliopita Leonadi, Mmakonde aliyehamia vilima hivi vya njia ya Kipatimu kutafuta kazi za ujenzi, alimwezekea nyumba yote bati, vyumba vitatu na baraza, na malipo yake yalikuwa eka moja ya shamba. Walipeana mikono, wakanywa chai, na eka ikapimwa siku hiyo hiyo kama eka zote za huko zinavyopimwa: hatua sabini kwenda mbele, sabini kukata kulia, sabini kurudi, na sabini za kufungia. Kila kona kikachomekwa kigingi. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo, akahesabu kwa sauti.

Aliyezitembea hatua hizo ni Ismaili mwenyewe. Mahali pengine watu wangeguna, mwenye shamba kupima analolitoa, lakini pale hakuna aliyeguna. Kwa miaka zaidi ya thelathini hakuna mtu mwingine aliyepima kitu juu ya kilima kile. Ndugu wakigawana urithi, anaitwa Ismaili. Kijana akioa na kukatiwa shamba, anaitwa Ismaili. Alikuwa mrefu, miguu imeanzia karibu na kwapa, na watu walikuwa wakisema "hii ni hatua ya Likwata", na ugomvi unakwisha hapo hapo. Hakuwahi kudai hata kuku kwa kazi hiyo. Alichokuwa akikipata ni jina, na jina hilo alilipenda kuliko korosho zake zote.

"Umepanda ovyo," akasema. "Umetupatupa miche kama mtu anayelisha kuku."

"Nimepima kwa futi, mzee."

"Basi futi yako mbovu."

"Inawezekana, mzee. Mimi sisemi kitu. Nimeileta miche tu, isije ikanifia juani."

Upole huo ndio uliomchefua zaidi. Angetukanwa angejua la kujibu. Leonadi aligeuza toroli lake, akaaga kwa adabu, akaenda zake, na Mzee Ismaili akabaki na miche tisa inayomkodolea macho barazani kwake.

Kufika adhuhuri habari ilikuwa imeshazunguka kilima kizima. Alipotoka msikitini akapita penye kahawa kama kawaida yake, watu wakanyamaza ghafla, na yeye si mtoto, alijua walikuwa wakisema nini. Mmoja akashindwa kujizuia.

"Mzee, zile hatua sabini za fundi zilikuwa zako au za kuku?"

Wakacheka. Yeye naye alijitia kucheka, kisha akakiweka kikombe chini. Kisha Hasani, jirani yake waliyepakana mashamba, akamsogelea na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba ile kazi ya Jumamosi, ya kuwagawia wanawe shamba la bondeni, wangeisimamisha kidogo. "Tusubiri kwanza hili la fundi lieleweke, mzee wangu." Hasani alisema hivyo bila kumtazama usoni, na hilo lilimuuma Ismaili kuliko vicheko vyote.

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Binti yake Imani alikuwa jikoni anapakua ugali wa muhogo na kisamvu. Imani alikuwa mwalimu wa hisabati huko Mingoyo, darasa la tano, amekuja likizo, na kwenye begi lake hakukosi futi kamba ya mita thelathini, maana alikuwa na mtindo wa kuwatoa wanafunzi nje wapime uwanja badala ya kukaa wakikariri.

"Kesho utakuja na hiyo futi yako shambani," akamwambia kabla hata ya kunawa. "Utapima mbele ya watu wote. Nataka wale wa kahawa waone haya."

Imani aliweka mwiko chini. Alimwangalia baba yake alivyokuwa akijishusha mkekani, mkono mmoja ukishika ukuta, mwingine nyonga.

"Baba, una uhakika?"

"Nina uhakika wa sabini! Nilizihesabu mimi, akazihesabu na Ibrahimu. Sabini ni sabini, mwanangu, hata huko Mingoyo kwenu."

"Ni sabini, baba," Imani akasema taratibu. "Kula kwanza."

Asubuhi walikutana shambani. Ibrahimu, mwenyekiti wa kitongoji, alikuja na simu yake kubwa na daftari asiloandika kitu. Hasani alikuja na mikono nyuma. Leonadi alikuja na mkewe Debora, naye Debora ndiye aliyeshika ncha ya futi kwenye kigingi cha kwanza huku Imani akirudi nyuma nayo, mita thelathini, akachora mstari chini, Debora akausogelea, wakaendelea. Walipima upande wa mbele na upande wa ubavuni. Imani akaandika kwenye karatasi: sentimita 4,900 kwa sentimita 4,900.

"Lete hapa," Ibrahimu akasema, na kabla Imani hajafunga kalamu karatasi ilikuwa mkononi mwa mwenyekiti. "Hesabu za eka hizi mimi nazijua. Urefu mara upana." Alibonyeza simu yake kwa kidole kimoja, ulimi nje kidogo. "Milioni ishirini na nne na elfu kumi. Hizo ni sentimita. Mita moja ni sentimita mia. Tunagawa kwa mia..." Akaziangalia tarakimu, akaisogeza simu mbali na macho, akaisogeza karibu. "Mita laki mbili na elfu arobaini na mia. Mwalimu, eka moja ni mita ngapi?"

"Mita za mraba elfu nne na arobaini na saba. Lakini mwenyekiti, hapo..."

"Subiri." Akabonyeza tena. Kisha akavua kofia. "Fundi Leonadi, hapa una eka hamsini na tisa."

Leonadi aligeuka akautazama mpaka wake upande huu, akautazama na upande ule, kama vile eka nyingine zimejificha nyuma ya kichuguu.

"Hamsini na tisa!" Mzee Ismaili akaruka. "Mmesikia? Mimi ndiye mpunjaji? Nimemwezekesha nyumba moja, nikampa nusu ya kilima! Fundi, nirudishie eka zangu hamsini na nane, na leo leo!"

"Mzee, hata tarafa nzima..." Leonadi akaanza, akashindwa kumaliza, kwa sababu Debora alikuwa amekaa chini anacheka mpaka machozi.

Imani alingoja watulie. Akaokota kijiti, akafyeka majani kwa mguu, akachora chini mraba, akipima kila upande kwa futi yake. "Mwenyekiti, huu ni mraba wa mita moja. Upande huu una sentimita ngapi?"

"Mia."

"Tukipanga vimraba vidogo vya sentimita moja moja hapa pembeni, safu moja itakuwa na vingapi?"

"Mia."

"Na safu kama hizo, mpaka tujaze mraba wote, zitakuwa ngapi?"

Ibrahimu alitaka kusema kitu, akaufuata mstari wa pili kwa macho, na uso ukaanza kumlegea. "Mia nyingine."

"Mia mara mia?"

"Elfu kumi," akasema kwa sauti ya mtu anayekiri kosa mbele ya kadhi. "Kumbe tunagawa kwa elfu kumi."

"Unapobadili urefu, mia inatosha. Ukibadili eneo, umezidisha urefu na upana, kwa hiyo mia inaingia mara mbili. Wanafunzi wangu wote wanateleza hapo hapo, mwenyekiti, usijali."

Ibrahimu akagawa upya, safari hii akimwonyesha Imani kila tarakimu. Mita za mraba 2,401. Eka ilitaka 4,047. Hakuna aliyecheka tena.

"Imepungua karibu nusu, mzee," Ibrahimu akasema.

"Na iliyopungua imebaki kwako," akaongeza Hasani.

Hilo lilisemwa wazi, mchana kweupe, na jirani wa miaka thelathini. Mzee Ismaili alikasirika, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Alijua hakumpunja mtu. Alijua pia kwamba tarakimu zile hazikuwa za uongo, kwa kuwa zilitoka kwa Imani.

"Hasani," akasema, "shamba lako la nyumbani nani alilipima?"

"Si ni wewe! Mwaka niliooa."

"Sabini kwa sabini?"

"Sabini kwa sabini."

"Basi twendeni likapimwe. Kama mimi ni mpunjaji, nilianza zamani."

Wakaandamana hadi shambani kwa Hasani, mbele Imani na futi yake, nyuma Mzee Ismaili akichechemea na kukataa mkono wa Debora. Mipaka ya kule ilikuwa na mikatani mikubwa iliyopandwa siku ile ile ya kupima, haiwezi kusogezwa kwa siri. Wakapima. Sentimita 6,370 upande mmoja, 6,370 upande wa pili. Ibrahimu alizigeuza kwanza kuwa mita, mita sitini na tatu na sentimita sabini, ndipo akazidisha. Mita za mraba elfu nne na hamsini na saba na ushee. Eka kamili, na kijisehemu cha bustani juu.

Mzee Ismaili alivuta pumzi. Lakini Hasani, badala ya kufurahi, alikunja uso.

"Kumbe ukipima cha mwingine unajua," akasema. "Ni ukipima chako ndipo sabini zinakuwa fupi."

Afadhali angempiga kofi. Mzee Ismaili aliona jina lake lote, miaka yote ile ya kutembea kwenye umande kwa ajili ya watu, limebaki mikononi mwa Hasani, na Hasani analifinyanga.

"Baba," Imani akaita. "Hebu tembea hatua kumi hapa njiani. Vile vile unavyopima."

"Sasa nimekuwa wa kuchezeshwa gwaride?"

"Hatua kumi tu, baba. Naomba."

Alitembea. Alinyoosha mgongo, akarusha miguu kama siku zote anapopima, akahesabu kwa sauti kumi zote, akasimama. Imani akaweka futi kuanzia alipoanzia hadi kisigino chake. Mita saba.

"Mwenyekiti, gawa sentimita mia saba kwa kumi."

"Sabini."

"Gawa 4,900 za fundi kwa hatua sabini."

"Sabini tena."

"Sasa 6,370 za mzee Hasani, kwa sabini hizo hizo."

Ibrahimu alibonyeza, akamtazama Mzee Ismaili kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. "Tisini na moja."

"Hakumpunja mtu," Imani akasema. "Alihesabu sabini kule, akahesabu sabini hapa. Alipompimia mzee Hasani, hatua yake ilikuwa sentimita tisini na moja. Sasa ni sabini. Amezeeka tu."

Mzee Ismaili aliitazama miguu yake. Ilikuwa imesimama pale pale ilipokuwa siku zote, na vidole vile vile, na makubazi yale yale yenye kiraka. Hakuna siku iliyokuja kumwambia kwamba imepungua. Alihuzunika, na hakuona haya kuhuzunika. Sentimita ishirini na moja katika kila hatua, zimetoka moja moja kwa miaka yote hiyo, na yeye anaendelea kuhesabu.

"Kumbe," akasema mwishowe, "ndiyo maana msikiti umekuwa mbali."

Debora alianza, kisha Leonadi, kisha Ibrahimu, na Mzee Ismaili mwenyewe akajikuta anacheka nao huku akijifuta macho kwa upindo wa kanzu. Hasani peke yake hakucheka. Alikuja akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, kaka. Nimekosa adabu."

"Umekosa," Ismaili akasema. "Lakini yamekwisha."

Bado kulikuwa na eka ya fundi. Walirudi shambani kwake wakaangalia. Upana haukuweza kuongezwa, kwa sababu upande mmoja kulikuwa na korongo na upande mwingine njia ya watu wote. Mbele ilikuwa barabara. Iliyobaki ni nyuma, kwa Ismaili. Imani alichuchumaa na karatasi gotini.

"Upana umegoma kwenye mita arobaini na tisa, basi lazima urefu ulipe. Elfu nne na arobaini na saba gawa kwa arobaini na tisa: mita themanini na mbili na sentimita sitini, tukiongeza kidogo. Toa arobaini na tisa zilizopo. Zinatakiwa mita thelathini na tatu na sentimita sitini, kuingia kwako, baba."

Wote waliangalia kuelekea nyuma. Katika mita hizo ilisimama mikorosho minne mikubwa ya Mzee Ismaili, ile inayozaa kabla ya mingine na kumaliza baada ya mingine. Leonadi aliiona, akajikohoza.

"Mzee, tuache hivi hivi. Mimi na Debora inatutosha. Na huu ni mwaka wa kwanza, bado..."

"Uniachie nini?" Ismaili akamkata. "Niwe mtu aliyesamehewa, kila nikipita hapa ukinisalimia nijiulize? Bati langu uliliacha nusu? Uliezeka mpaka baraza!" Akahema. "Mikorosho ni mikorosho. Itakuwa yako, na msimu huu ukinipa korosho za kukaanga nitashukuru."

Leonadi aliinamisha kichwa, akasema asante kwa Kimakonde kwanza, kisha kwa Kiswahili.

Imani alikuwa tayari ameshika futi. "Debora, shika kigingi hiki..."

"Ngoja," baba yake akasema. "Hizo mita thelathini na tatu na sentimita sitini, zote ni sentimita ngapi?"

"Elfu tatu mia tatu na sitini."

"Igawe kwa sabini."

Imani hakuhitaji simu. Alimtazama baba yake, na tabasamu likamtoka kabla ya jibu. "Arobaini na nane."

Mzee Ismaili akavua kofia akampa Ibrahimu amshikie, akachukua kigingi na kuweka kisigino mpakani. Akaanza. Hakurusha miguu safari hii, wala hakunyoosha mgongo kwa kujionyesha. Alitembea anavyotembea, polepole, nyonga ikimsumbua kila mara ya tatu, akihesabu kwa sauti, na kufikia kumi Ibrahimu alikuwa anahesabu naye, kufikia ishirini wote wanahesabu, Hasani kwa sauti kuliko wengine. Akaupita mkorosho wa kwanza bila kuutazama. Akaupita wa pili akaupapasa kidogo. Arobaini na nane. Akachomeka kigingi.

Imani na Debora wakavuta futi, thelathini kwanza, mstari, kisha kilichobaki. Imani aliinama, akasoma, akasoma tena.

"Mita thelathini na tatu na sentimita sitini na tano. Umezidisha tano, baba."

"Mwachie fundi."

Kelele zilizopigwa hapo zilisikika mpaka penye kahawa. Hasani alingoja zipungue, akajisogeza, akajikuna kisogo.

"Kaka, ile kazi yangu ya Jumamosi," akasema. "Ukija, eka sasa itakuwa hatua ngapi?"

Mzee Ismaili akamgeukia binti yake. Imani alikwisha kupiga hesabu hiyo na kuirudia mara mbili, maana mwanzoni hakuiamini. "Ule upande wa sentimita 6,370, kwa hatua ya sabini. Ni tisini na moja, baba. Tisini na moja kwa tisini na moja."

"Tisini na moja," mzee akarudia. Alirudisha kofia yake kichwani, akaiweka sawa kwa mikono miwili. "Nitazitembea. Ila kwenye ya hamsini mniwekee kigoda."